UKURASA WA BIASHARA: UFUNGUO UUSHIKE MWENYEWE

Wakulima wa upande wa magharibi wa Nairobi, yaani wa Kangemi, Uthiru, Kawangware, Dagoretti na kuendelea mpaka Kinoo na Kikuyu, wana mashamba madogo lakini soko lao ni kubwa sana. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba jiji la Nairobi lilikuwa na watu 4,397,073, na kila mmoja wao hula kila siku. Hata hivyo mkulima mwenye kuku 200 nyuma ya nyumba yake, au mwenye matuta machache ya managu na sukuma wiki, mara nyingi humwuzia mtu mmoja tu, yaani broka anayekuja na gari lake na kutaja bei aipendayo.

Siku hizi liko soko jingine, nalo limo ndani ya simu. Mwezi huu twataka kueleza jinsi mkulima awezavyo kufungua ukurasa wa biashara katika mtandao wa kijamii kama Facebook. Zaidi ya hayo, twataka kuwaonya wasomaji wetu juu ya kosa moja linaloweza kumpotezea mtu wateja na jina jema, nalo ni kuuacha ufunguo wa ukurasa mikononi mwa mtu mwingine.

Kizuri Hujiuza Kikionekana

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yalisemwa wakati ambapo mwuzaji na mnunuzi walikutana sokoni uso kwa uso. Mama anayekaa Lavington au Kileleshwa hapiti mlangoni pako Uthiru. Mwenye hoteli ndogo ya Tom Mboya Street hajui kwamba huko Kangemi kuna mtu mwenye mayai ya leo asubuhi. Kizuri kikifichwa nyuma ya ua hakiwezi kujiuza.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2020. Kuanzia tarehe 6 Aprili mwaka huo Serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na usiku kulikuwa na kafyu. Mizigo ya chakula iliruhusiwa kupita, lakini wanunuzi wengi waliogopa msongamano wa masokoni. Mkulima aliyekuwa na nambari za wateja wake katika simu aliweza kuwapelekea chakula mpaka mlangoni. Asiyekuwa nazo alikaa akingoja broka.

Wala jambo lenyewe si geni kwa wakulima wa Kenya. Mkulima Young, mtandao ulioanzishwa mwaka 2013, ulikwisha kuonyesha kwamba vijana walio shambani wanaweza kutafuta wanunuzi na kuulizana maswali ya ukulima kwa njia ya Facebook. Wala mkulima wa jijini asione haya: tangu mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kuendeleza na kusimamia ukulima wa mjini.

Yaliyompata Mama wa Uthiru

Hebu tutwae mfano wa mama mmoja wa Uthiru. Hatumtaji mtu fulani, lakini mambo kama haya yaweza kumpata yeyote.

Mama huyu ana kuku 200. Wakitaga vizuri hupata mayai 150 kwa siku, yaani trei 5 za mayai 30. Huyapeleka Wangige, ambako kuna soko kubwa la mayai, au humwuzia broka nyumbani. Tuseme mnunuzi wa mjini humpa Sh. 50 zaidi kwa kila trei. Akiuza kwa njia hiyo trei 2 tu kwa siku, na zile nyingine azipeleke Wangige kama kawaida, atapata Sh. 100 zaidi kila siku, yaani Sh. 3,000 kwa siku 30. Atoe gharama ya bando la simu, na ya bodaboda ikiwa mnunuzi hailipi mwenyewe. Kitakachobaki si utajiri, lakini chasaidia kununua chakula cha kuku.

Mama hakujua mambo ya Facebook. Basi akamwita mpwa wake, kijana hodari aliyekuwa amemaliza shule, akamwambia, "Mwanangu, nifungulie ukurasa wa mayai." Kijana akaufungua kwa simu yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, akaandika na nambari yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na bando. Kazi aliifanya vizuri. Baada ya mwaka mmoja ukurasa ulikuwa na wafuasi 1,000, na hoteli mbili za Westlands zilikuwa zikiagiza mayai kila Ijumaa.

Kisha kijana akapata kazi Mombasa. Hawakugombana hata kidogo. Ila simu yake iliibwa, akanunua laini mpya, na neno la siri la ukurasa hakulikumbuka. Wateja walipopiga simu hawakumpata mtu. Baada ya miezi mingi ile nambari ya zamani ikauzwa kwa mtu mwingine, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu yaweza kurudi dukani. Mtu huyo akaona watu asiowajua wanampigia wakitaka mayai. Akawaambia, "Tumeni pesa kwanza." Wakatuma, na mayai hawakuyaona.

Mama alizipata habari hizo kwa mpishi wa hoteli moja, aliyekuja nyumbani kwake kwa hasira.

"Mama, pesa zetu za trei 10 ziko wapi?"

"Trei zipi, mwanangu? Mimi sijapata simu kutoka kwenu tangu Krismasi."

"Lakini ukurasa ni wako, Mama. Jina ni lako, na hata kuku walio katika picha ni hawa hapa."

Mama hakuwa na jibu. Jina lilikuwa lake na kuku walikuwa wake, lakini hakuweza kuufuta ukurasa, wala kubadili nambari, wala kuandika neno moja la kuwaonya wateja. Ilimbidi ampe mpishi yule trei 5 bure, ili asiitwe mwizi mtaani.

Ukurasa ni kama kibanda cha sokoni. Hakuna mtu mwenye akili anayejenga kibanda, akajaza mali ndani yake, kisha akamwachia mwingine ufunguo pekee. Kwa nini basi tufanye hivyo katika simu?

Namna ya Kuufungua

Kazi yenyewe si ngumu, nayo yaweza kumalizika kwa saa moja. Fuata hatua hizi.

Kwanza, mwenye biashara awe na akaunti yake mwenyewe ya Facebook, kwa jina lake la kweli, na kwa laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake. Asiyejua Kiingereza asiogope, kwa maana tangu mwaka 2009 Facebook yaweza kusomwa kwa Kiswahili. Kijana aweza kumwongoza, lakini simu iwe mikononi mwa mwenye kuku.

Pili, ndani ya akaunti hiyo atafute mahali palipoandikwa Kurasa, kisha achague kuunda ukurasa mpya. Kurasa za biashara zilianza katika Facebook mwaka 2007, na kuufungua ukurasa ni bure. Mtu akikudai ada ya kufungua, ujue kwamba unalipia kazi ya mikono yake, wala pesa hizo haziendi Facebook.

Tatu, achague jina. Jina jema hutaja kitu kinachouzwa na mahali kilipo. "Mayai ya Uthiru" ni jina bora kuliko jina refu la fahari lisilomwambia mnunuzi lolote, kwa sababu anayetafuta mayai huandika neno mayai.

Nne, aandike maelezo kwa ufupi: anauza nini, yuko wapi, anauza saa ngapi, hupeleka mali siku zipi, na nambari yake ya simu ni ipi. Ukurasa waweza kuunganishwa na WhatsApp pia. Iko WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo humwezesha mwuzaji kuweka orodha ya bidhaa pamoja na bei zake, na kumjibu mteja salamu hata usiku wakati mwenyewe amelala.

Kumbuka kwamba ukurasa si cheti cha biashara, wala haushiki mahali pa leseni ya Kaunti. Anayetaka kuandikisha jina la biashara yake aweza kufanya hivyo kwa njia ya eCitizen, au aende kuuliza katika Huduma Centre. Mojawapo ya zilizo katikati ya mji ni ile ya GPO, iliyofunguliwa mwezi wa Novemba 2013.

Ufunguo Ukae kwa Nani?

Ukurasa wa Facebook waweza kuongozwa na watu kadhaa, kila mtu kwa akaunti yake, na si lazima wote wawe na mamlaka sawa. Mpango mwema ni huu.

Mwenye mali awe na mamlaka yote. Mtu wa pili wa kuaminika, kama vile mume, mke au mtoto mkubwa, naye awe nayo, ili simu moja ikiibwa ukurasa usife. Kijana anayesaidia kupiga picha na kujibu maswali apewe mamlaka ya kazi hiyo tu. Siku atakayoondoka jina lake liondolewe, bila ugomvi wala manung'uniko, kama vile mfanyakazi anavyorudisha ufunguo wa stoo anapoacha kazi.

Katika mipango ya akaunti kuna ulinzi unaoitwa uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwashwa, mtu aliyeiba neno lako la siri hawezi kuingia bila nambari nyingine inayoletwa kwako. Washa ulinzi huo, na nambari hiyo usimpe mtu yeyote, hata akisema kwamba yeye ni ofisa wa Facebook au wa kampuni ya simu. Ofisa wa kweli hana haja nayo.

Tena, ukibadili laini, badili nambari katika ukurasa siku hiyo hiyo. Mama wa Uthiru alipata hasara kwa ajili ya nambari moja ya zamani.

Picha na Bei

Piga picha asubuhi, wakati jua si kali, na picha ziwe za mali yako mwenyewe. Kuchukua picha ya kuku wa mtu mwingine ni udanganyifu, na mnunuzi atakayefika nyumbani kwako akaona kuku tofauti hatarudi tena. Panga mayai katika trei safi. Mboga zioshwe na zifungwe mafungu, ili mnunuzi aone ukubwa wa fungu analolilipia.

Andika bei. Wauzaji wengi wa Nairobi huficha bei na kuandika "njoo inboksi", wakidhani kwamba wanamvuta mteja. Wengi hawaji. Mama mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kuuliza bei kwa watu watano, naye humchukua yule aliyeiandika wazi. Bei ikipanda, ibadilishe na ueleze sababu. Watu wanajua kwamba chakula cha kuku hupanda. Mayai yakiisha, sema yameisha. Mtu anayeulizwa na kukaa kimya siku mbili ni sawa na mwenye duka aliyelala mbele ya mlango wake.

Sheria Isikusahau

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na iko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayoisimamia. Wakulima wengine hudhani kwamba sheria hiyo ni ya mabenki na makampuni makubwa tu. Sivyo. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi hiyo ilitoza shule moja ya hapa hapa Uthiru faini ya Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Wakati huo huo nyumba moja ya starehe ya Nairobi ilitozwa Sh. 1,850,000 kwa kutia picha ya mteja katika mtandao bila ruhusa yake.

Kwa hiyo, ukitaka kumpiga picha mteja aliyebeba trei yako, mwombe ruhusa kwanza, nawe mweleze kwamba picha itatiwa katika ukurasa. Watoto wa jirani wanaokuja kutazama kuku usiwatie kabisa. Nambari za simu za wateja nazo ni amana. Usimpe mwuzaji mwingine, wala usiwaingize wateja katika kundi la WhatsApp bila kuwauliza.

Pesa na Kupeleka Mali

M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007 iliwaondolea wakulima taabu kubwa ya kubeba fedha mkononi. Lakini imeleta na werevu wa aina mpya. Usimpe mtu mali kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu yake, wala kwa kuletewa ujumbe wenye mwandiko wa ajabu. Tazama salio lako mwenyewe kwanza.

Mnunuzi naye ana hofu yake. Wako watu wengi wa Nairobi waliotuma pesa kwa wauzaji wa mitandaoni na kupata hasara. Iondoe hofu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, andika katika ukurasa jina litakalotokea mtu anapokulipa kwa M-Pesa, ili akiona jina jingine asimamishe malipo. Kama wateja wa mama yule wangalijua jina lake, wasingalituma pesa zao kwa mgeni. Pili, mteja mpya mwache aanze kwa kiasi kidogo na alipe akipokea. Akikuamini, yeye mwenyewe atalipa mapema.

Kwa wateja wa katikati ya mji, weka siku moja au mbili za kupeleka mali kwa pamoja, ili nauli isimalize faida. Kutaneni mahali penye watu wengi na wakati wa mchana, kama mbele ya jengo la Kumbukumbu za Taifa katika Moi Avenue, ambalo wenyeji huliita Archives. Mayai yakienda kwa bodaboda, funga trei kwa kamba, na trei ya juu uifunike kwa trei tupu. Patana na mteja kabla ya safari juu ya nani atakayebeba hasara ya mayai yakivunjika. Mapatano ya mapema huzuia maneno mengi baadaye.

Usiache Daftari

Ukurasa ni kibanda chako, lakini uwanja wa soko si wako. Mwenye uwanja ni kampuni ya Marekani, ambayo tangu Oktoba 2021 huitwa Meta, na siku mlango wake ukifungwa huna la kufanya. Mwezi huo huo, tarehe 4 Oktoba, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa karibu saa sita. Hapa Nairobi zilizimika jioni, saa ambayo watu wengi huagiza chakula cha kesho. Mwuzaji aliyekuwa na nambari za wateja wake katika daftari alipiga simu na kuendelea na kazi yake.

Mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la kawaida, na kila siku andika tarehe, jina la mteja, simu yake, trei alizochukua, pesa alizolipa na deni lililobaki. Mwisho wa mwezi linganisha trei zilizouzwa kwa njia ya ukurasa na zile zilizokwenda Wangige, ukitoa bando na nauli. Hapo utajua kama ukurasa unakuletea faida, au unakula nafasi yako tu.

Wala usimfukuze broka. Kuku hawaachi kutaga kwa sababu wateja wa simu wamesafiri wakati wa sikukuu. Mkulima mwenye njia mbili za kuuza hupatana bei akiwa na nguvu kuliko mwenye njia moja.

Nionyeshe, Nami Nibonyeze

Mama wa Uthiru hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe kwenye zile hoteli mbili za Westlands, akaeleza habari yote, akawaachia nambari yake iliyoandikwa kwa kalamu. Hoteli moja ilirudi kununua kwake. Ya pili haikurudi. Mpwa wake alipokuja likizo ya Pasaka, aliomba msamaha na kunyosha mkono apewe simu ili afungue ukurasa mwingine. Mama akaishika simu yake kwa mikono miwili.

"La, mwanangu," akasema. "Wewe nionyeshe, nami nibonyeze."

Nawe mkulima, leo jioni kabla ya kufunga kuku, jiulize mambo matatu. Ukurasa wangu umefunguliwa kwa jina la nani? Nambari iliyomo ni ya nani? Simu hii ikiibwa usiku, ni nani mwingine anayeweza kuingia? Ukiweza kujibu yote matatu, endelea na biashara yako kwa amani. Usipoweza, mwite leo yule aliyekufungulia, angali anakumbuka neno la siri.